Macho Mekundu Hayana Dawa Moja
Hotuba kwa walimu, wahudumu wa afya wa vijiji na wenye maduka ya dawa, Busia, Uganda

Waheshimiwa viongozi wa wilaya, walimu, wahudumu wa afya wa vijiji, ndugu zetu wenye maduka ya dawa, vijana wa bodaboda, na mama zetu mliofunga vibanda sokoni ili mfike hapa, hamjambo. Asanteni kwa kuja.

Tumeombwa kuzungumzia vijidudu vinavyoshambulia macho. Tumeona tuanzie dukani, kwa sababu huko ndiko macho mengi yanakoanzia matibabu. Mtu anaingia, anasema, "Nipe dawa ya macho mekundu," anapewa kichupa, analipa, anakwenda zake. Hakuna aliyemmulika. Hakuna aliyemuuliza kama jicho linauma au linawasha tu, kama ni moja au yote mawili, kama jana alikuwa shambani akikata miwa. Kichupa kile huenda kikamponya. Huenda kisimsaidie lolote. Na huenda ndicho kitakachompofusha. Wekundu huletwa na virusi, huletwa na bakteria, huletwa na kuvu, hata na minyoo, na kila kimoja kina dawa yake au hakina kabisa. Tunachotaka leo ni mjue kuuliza maswali mawili: ni mdudu gani, na ameketi sehemu gani ya jicho.

Hilo la pili ndilo zito. Weupe wa jicho umefunikwa na utando mwembamba ambao unakunja na kuendelea hadi upande wa ndani wa kope. Utando huu una mishipa mingi ya damu. Ukiambukizwa unafura, unakuwa mwekundu, unatoa machozi na tongotongo, halafu mara nyingi unapona bila alama. Mbele ya mboni kuna konea, ambayo ni kama kioo cha saa: unaona kupitia kwake. Katikati ina unene wa karibu nusu milimita tu, nayo haina mishipa ya damu. Kukosa damu ndiko kunakoifanya ing'ae, na ndiko kunakofanya askari wa mwili wachelewe kufika mdudu akiingia. Konea ikipata kidonda, hata kikipona huacha kovu jeupe, na kovu likikaa katikati mwanga haupiti tena. Machozi yana kemikali ya kuua bakteria, kupepesa kunafagia uchafu, na ngozi ya juu ya konea ni ukuta imara. Wadudu wengi hawawezi kuupenya mpaka kitu kiukwaruze kwanza.

Sasa tuje kwenye ule ugonjwa mnaoujua wote. Mwanzoni mwa 2024 macho mekundu yalipita Tanzania, yakashika pwani ya Kenya, yakaingia Uganda na kutanda shuleni na magerezani. Huo ni ugonjwa wa virusi. Virusi vya aina hii vilianza kujulikana kwa mlipuko mkubwa Ghana mwaka 1969, watu wakauita Apollo kwa kuwa ulizuka wakati chombo cha Apollo 11 kilipokwenda mwezini. Virusi vya namna hiyo huanza haraka, saa 12 hadi siku 3 baada ya kuambukizwa: jicho moja, kesho yake la pili, machozi mengi ya maji, hisia ya mchanga, wakati mwingine madoa ya damu kwenye weupe. Baada ya siku 5 hadi 7 unaisha. Kuna virusi vingine, adenovirusi, vinavyokuja polepole zaidi na kukaa wiki 2 au 3, na vyenyewe vinaweza kuacha vidoa kwenye konea vinavyofifisha kuona kwa miezi.

Hakuna matone yanayoua virusi hivi. Kloramfenikoli inaua bakteria, virusi haviijui. Anayepata nafuu siku ya 6 akasifu chupa aliyonunua siku ya 2 angepona hata bila chupa hiyo. Mpe kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi na parasetamoli kwa maumivu, umwambie asifikiche. Basi.

Kazi kubwa ni kuzuia usienee, na hapa walimu wa mabweni tunawategemea ninyi. Watu husema ugonjwa huu unaambukizwa kwa kumtazama mgonjwa. Hapana. Unapita mkononi: machozi, kidole, kitasa cha mlango, kidole cha mwingine, jicho lake. Taulo na beseni la pamoja ndiyo njia kuu bwenini. Halafu kuna jambo linalowashangaza wengi: zile dawa za mikono zenye spiriti, ambazo tulizizoea wakati wa korona, hazina nguvu kubwa kwa virusi hivi, kwa sababu havina ule utando wa mafuta ambao spiriti huuyeyusha. Sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, ndiyo inayoviondoa. Adenovirusi inaweza kukaa hai juu ya meza kavu kwa wiki kadhaa, kwa hiyo futeni vitasa, meza na bomba kwa klorini ya asilimia 0.5. Kama chupa ya Jik imeandikwa asilimia 3.5, changanya kikombe kimoja cha Jik na vikombe 6 vya maji, uchanganye upya kila siku maana nguvu yake hupotea. Nguo na foronya zinahitaji mchanganyiko mwepesi zaidi, na mikononi usiutumie. Mwanafunzi mwenye machozi au tongotongo akae nyumbani mpaka yakauke. Kama ni bweni na kwao ni mbali, apewe chumba, beseni na taulo lake mwenyewe. Kumrudisha kwa basi katikati ya mlipuko ni kuusafirisha ugonjwa.

Bakteria wa kawaida wana sura nyingine. Tongotongo ni zito, la njano au kijani, asubuhi kope zimegandana. Watoto ndio wanaougua zaidi, na wanaosababisha ni stafilokoki, nimokoki na hemofilasi, wengi wao wakazi wa kawaida wa pua na koo. Kama kuona ni kuzuri na konea inang'aa, osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, ukitumia pamba mpya kwa kila jicho, kisha mafuta ya macho ya tetrasaiklini asilimia 1, mara 3 au 4 kwa siku kwa siku 5 hadi 7, au matone ya kloramfenikoli asilimia 0.5, kila saa 2 kwa siku mbili za mwanzo. Asipopata nafuu ndani ya siku 3, dhana yako ilikuwa na kasoro: mpeleke mbele, usiongeze chupa ya pili.

Kuhusu namna ya kutia, tuvumilieni kidogo kwa sababu dawa nyingi huishia shavuni. Nawa mikono. Mgonjwa aangalie juu, vuta kope ya chini ifanye kifuko, dondosha tone moja tu humo bila ncha ya chupa kugusa jicho wala nywele za kope. Kifuko hicho hakibebi zaidi ya tone moja, kwa hiyo tone la pili ni hasara. Afumbe jicho taratibu kwa dakika moja au mbili huku akibonyeza kona ya ndani karibu na pua, ili dawa isikimbilie kooni. Kama kuna dawa ya pili, subiri dakika 5. Kama moja ni ya mafuta, iwe ya mwisho. Andika tarehe ya kufungua juu ya chupa, na zikipita siku 28 itupe hata kama imejaa. Na chupa moja ni ya mtu mmoja. Ile chupa ya familia nzima iliyo dirishani inahamisha bakteria kutoka jicho hadi jicho.

Kuna bakteria mmoja ambaye hasubiri mkwaruzo. Bakteria wa kisonono anaweza kupenya konea nzima, isiyo na jeraha, akaitoboa kwa siku chache. Usaha wake hauna mfano: unafuta, na kabla hujaweka pamba chini umejaa tena. Mtu mzima mwenye hali hiyo anahitaji sindano ya seftriaksoni siku hiyo hiyo, gramu 1 kwa kawaida, na kuoshwa jicho mara kwa mara kwa maji ya chumvi ya hospitali. Matone peke yake hayatoshi. Mwenzi wake atibiwe pia, tuliseme wazi bila kutafuna maneno.

Kwa kichanga ni hatari zaidi. Mtoto yeyote chini ya siku 28 mwenye macho yaliyovimba na usaha ni wa dharura, asipewe miadi ya kesho. Kisonono huonekana mara nyingi kati ya siku ya 2 na ya 5. Klamidia, bakteria mwingine wa zinaa, hujitokeza baadaye kidogo, siku ya 5 hadi ya 14. Kwa kisonono dozi ya seftriaksoni ni miligramu 50 kwa kila kilo, mara moja: mtoto wa kilo 3 anapata miligramu 150. Wazazi wote wawili watibiwe. Kinga yake ni rahisi kuliko kitu chochote tutakachosema leo: ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, futa macho, weka mstari wa sentimita 1 wa tetrasaiklini asilimia 1 kila jicho. Wakunga mnajua. Tunawaomba akina mama waulize kama imewekwa, na aliyejifungulia nyumbani amfikishe mtoto kituoni mapema.

Tumefika kwenye kidonda cha konea, na hapa tutakaa, kwa sababu huku kwetu ndiko macho ya wakulima yanakopotelea. Jani la muhindi au la muwa lina ukingo unaokata. Punje inaruka wakati wa kupura. Mwendesha bodaboda bila miwani anapigwa na mdudu au changarawe. Mkwaruzo wenyewe mara nyingi ni mdogo na ungefunga kwa siku mbili. Tatizo ni kilichoingia nao. Jani huja na kuvu, hasa Fusarium na Aspergillus, ambao kazi yao ya kila siku ni kuozesha mimea shambani. Kuvu hawa hukua polepole. Siku 3 za kwanza mtu anasema jicho linakereka tu, wiki ya pili kuna doa la kijivu lenye kingo kama manyoya, na tone lile la kloramfenikoli alilonunua halijafanya kitu. Bakteria wana haraka: Pseudomonas anaweza kuyeyusha konea kwa siku 2.

Kwa hiyo wahudumu wa vijiji, dirisha lenu ni siku ya kwanza. Huko Bhaktapur, Nepal, walifundishwa watu wa kijijini kama ninyi kutambua mkwaruzo na kuanza mara moja mafuta ya kloramfenikoli asilimia 1, mara 3 kwa siku kwa siku 3. Waliotibiwa ndani ya saa 18 hawakupata kidonda. Hakuna mashine hapo, wala daktari bingwa. Kilichookoa macho ni kuwahi. Mkwaruzo bila doa jeupe, fanyeni hivyo na mwangalieni mgonjwa kila siku. Mkishaona doa jeupe au la kijivu, hata dogo kama kichwa cha pini, hilo si lenu tena: anzeni matone ya antibiotiki kila saa moja na mpelekeni kwa afisa wa kliniki wa macho siku hiyo. Msilifunge kwa pamba na plasta. Jicho lililofungwa lina joto na unyevu, nao wadudu wanavipenda vyote viwili.

Hospitalini watakwangua kidogo ukingo wa kidonda na kuangalia kwa hadubini. Tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 linayeyusha seli na kuacha nyuzi za kuvu zionekane, na hilo linaweza kujulikana siku hiyo hiyo. Dawa yake ni matone ya natamaisini asilimia 5, mwanzoni kila saa, kisha kwa wiki kadhaa. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2017, lakini kuipata mara nyingi ni shida, na mgonjwa aambiwe mapema kwamba safari ni ndefu ili asiache njiani.

Sasa maneno mawili yasiyofurahisha. La kwanza ni dawa za nyumbani: maji ya majani yaliyotwangwa, maziwa ya mama, mkojo, sukari. Hatudharau wazee wetu, na tunaelewa kwa nini mtu anaanza na kilicho karibu wakati kituo kiko mbali. Lakini konea iliyokwaruzwa ni mlango uliofunguliwa, na majani yaliyotwangwa kwenye kinu yanapitisha humo kuvu na bakteria kwa wingi kuliko lile jani lililoanza. Mengine yana asidi yanayoiunguza kabisa. Mkimpata mgonjwa aliyeyatumia, msimgombeze, mtamfundisha kuficha. Mwulizeni ni jani gani, na lini, muandike kwenye barua ya rufaa.

La pili linawahusu wenye maduka. Matone yenye steroidi, zile chupa zilizoandikwa dexamethasone, betamethasone au prednisolone, mara nyingi zikichanganywa na neomaisini au gentamaisini, zinapendwa kwa sababu moja: wekundu unaisha kesho yake. Steroidi inanyamazisha vita vya mwili, haiui mdudu. Jicho linaonekana zuri huku kuvu au virusi vya herpesi vinakula konea bila kusumbuliwa. Herpesi wa jicho kwa kawaida hushika jicho moja, hurudi tena na tena, na mgonjwa akimulikwa baada ya kuguswa kwa karatasi ya fluoreseini, rangi inayoonyesha vidonda vya konea, unaona kidonda chenye matawi kama mti mkavu. Dawa yake ni mafuta ya asiklovia asilimia 3, mara 5 kwa siku. Ukimpa steroidi, matawi yanageuka kuwa shimo. Hata kwa mtu asiye na kidonda, matumizi ya wiki nyingi huongeza presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Msiuze chupa hizo bila karatasi ya mtu aliyemmulika mgonjwa. Tunajua mteja atakwenda duka la pili. Aende.

Kabla hatujaondoka kwenye konea, mtoto mwenye surua. Surua humaliza vitamini A, konea inakauka na kuyeyuka kwa siku chache, macho yote mawili. Apewe vitamini A uniti 200,000 kama ana mwaka na zaidi, 100,000 kama ana miezi 6 hadi 11, 50,000 kama yuko chini ya hapo. Leo, kesho, na dozi ya tatu wiki 2 hadi 4 baadaye akiwa na dalili za macho. Na mtu mzima akitokewa na mkanda wa jeshi kwenye paji la uso, tazama ncha ya pua. Malengelenge yakifika hapo, jicho liko hatarini. Asiklovia ya vidonge miligramu 800 mara 5 kwa siku ianze ndani ya saa 72, naye apimwe VVU.

Trakoma, au vikope, bado ina historia ndefu Busoga na Karamoja, na wengi wenu mna ndugu Bugiri na Mayuge. Huyu ni klamidia tena, ila wa jamii nyingine. Maambukizo moja hayapofushi. Kinachopofusha ni kuambukizwa mara nyingi utotoni, miaka kwa miaka, hadi upande wa ndani wa kope ya juu unapata makovu, unajikunja, na nywele za kope zinageukia ndani na kukwangua konea kila mtu anapopepesa. Ndiyo maana tunawatafuta watoto wa mwaka 1 hadi 9. Ukigeuza kope ya juu ukakuta vinundu 5 au zaidi vya angalau nusu milimita, huyo anayo. Dawa ya umma ni azithromaisini, miligramu 20 kwa kilo, mara moja, isizidi gramu 1. Mtoto wa kilo 15 anahitaji miligramu 300, yaani mililita 7.5 za ile shurubati yenye miligramu 200 kwa mililita 5. Walio chini ya miezi 6 wanapewa tetrasaiklini ya macho mara 2 kwa siku kwa wiki 6.

Dawa bila uso safi haisaidii kitu. Nzi anayebeba trakoma hutaga kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Ndani ya shimo la choo hazaliani vizuri. Kwa hiyo choo cha kawaida kabisa, kinachotumiwa na watoto pia, kinamkata nzi huyu. Na kibuyu chirizi kilichotengenezwa kwa jerikeni ya lita 5, fimbo tatu na kamba kinatosha kuosha nyuso za darasa zima kwa maji machache. Mzee ambaye nywele zake zimegeukia ndani anahitaji upasuaji wa kusawazisha kope, wa dakika chache kwa ganzi ya sindano. Kuzing'oa kwa kibano nyumbani kunampa nafuu ya wiki chache, kisha zinaota fupi na kali zaidi.

Usubi tutautaja tu. Ni mnyoo unaoweza kupofusha, unaletwa na inzi mdogo mweusi wa mito yenye kasi, hauambukizwi kwa kushikana mikono. Mmoja wa inzi hao hapa Uganda ana tabia ya ajabu: mabuu yake hukua yakiwa yameshika mgongo wa kaa wa mtoni. Penye mgao wa ivermektini, mnywe.

Haya, tochi ziko mezani. Tukae wawili wawili, aliye na miwani aivae. Kabla ya kugusa chochote, pima kuona: mwenzako afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, asome chati ya E kwa mita 6, kisha la pili. Andika. Halafu mmulike kutoka pembeni, siyo kwa mbele, kwa sababu doa dogo la konea huonekana mwanga ukija kwa ubavu. Je, konea inang'aa yote? Mboni ni duara, na inasinyaa ikipata mwanga? Wekundu umejaa pembeni kuelekea kope, au umekaa kama pete kuzunguka konea? Pete ni dalili ya ndani ya jicho, huyo hatibiwi dukani. Maumivu, kuona kufifia, kuchukia mwanga, doa jeupe, jeraha, kichanga, au mvaa lenzi za kubandika juu ya jicho: yeyote kati ya hao apelekwe leo, kituo cha daraja la nne chenye afisa wa macho, hospitali ya macho Tororo, au rufaa ya Mbale na Jinja. Abebe chupa zote alizotumia, hata tupu. Tutapita meza kwa meza, na wenye maswali ya dozi wayaandike ili tuyajibu mbele ya wote.